Shakespeare alikuwa mkubwa tangu lini?

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Ukerewe. Nasimamia klabu ya maigizo na muhula huu tunaandaa Mabepari wa Venisi. Wanafunzi wamenigomea kidogo. Wanasema Shakespeare ni mkubwa kwa sababu tu Waingereza walitutawala, na kwamba tungetawaliwa na wengine tungekariri mtu mwingine. Mimi nilifundishwa kwamba dunia ilimtambua tangu siku ya kwanza na haijawahi kubadili mawazo. Nani yuko sahihi? Halafu huyu Shylock, Myahudi mkopeshaji wa mchezo huo, tumfanye wa kuchekwa au wa kuhurumiwa?*

Marahaba, mwalimu. Katika ubishi huo umeshindwa, tukubaliane mapema. Wanafunzi wako nao hawajashinda, ila kosa lao lina akili kuliko la kwako.

Siku ukivuka na meli kuja mjini, pita Mwaloni Kirumba umuulize kijana yeyote anayepakia samaki: samaki wa ziwa hili ni yupi? Atakujibu sangara na sato, wala hatafikiri mara mbili. Wote wawili ni wageni. Waliletwa miaka ya 1950, na sangara hakutamba hasa mpaka miaka ya 1980. Kabla ya hapo watu walikula ngege, ningu na furu, na hakuna aliyeota kwamba sangara ndiye atakayelitangaza ziwa Ulaya. Shakespeare yuko hivyo hivyo. Ukimkuta leo alivyo, unadhani amekuwa hivyo siku zote. (Mfano wangu unapinda mahali pamoja: sangara aliwala wenzake. Shakespeare hakumla mtu. Wenzake waliachwa na wasomaji, na hilo lilichukua muda.)

Alizaliwa 1564 Stratford-upon-Avon, mtoto wa fundi wa glovu, na hakusoma chuo kikuu. Maandishi ya kwanza yanayomgusa kama mtu wa jukwaa ni ya 1592, na ni matusi. Yamo katika kijitabu kilichotoka kwa jina la Robert Greene, msomi wa chuo aliyekuwa ametoka kufariki. Humo anaitwa kunguru aliyeibuka juzi, aliyejipamba kwa manyoya ya wenzake, anayedhani yeye peke yake ndiye mtikisa majukwaa nchini. Tafsiri yake ya mtaani unaijua: huyu mwigizaji tu, nani kamruhusu kuandika?

Usidhani hakupendwa. Alipendwa sana, na akapata pesa za kununua nyumba kubwa kwao. Lakini ulikuwa upendo wa aina ambayo sisi wa kanda hii tunaijua vizuri. Umewahi kufika Bujora, pale Kisesa, siku za Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma? Vikundi viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, vinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jopo la wataalamu. Huyu anatoka na chatu, yule anabuni kituko kingine, umati unahama mbio na vumbi lake. Kesho yake kila mtu anaanza upya. Ng'ambo ya mto Thames mambo yalikuwa hayo hayo. Globe ilijengwa 1599 jirani na viwanja vya kupambanisha dubu na mbwa. Mtu mwenye senti yake moja alichagua dubu au tamthilia, na akichagua tamthilia alisimama juani saa zote hizo. Mtunzi alikuwa mpishi wa shughuli. Wali ukiwa mtamu husifiwi wewe, inasifiwa arusi.

Ndiyo maana tamthilia hazikuhesabika kama vitabu. Thomas Bodley, aliyeanzisha maktaba kubwa ya Oxford, aliandika 1612 kumkataza mkutubi wake asipokee tamthilia pamoja na takataka nyingine za aina hiyo. Ben Jonson, mtunzi mwenzake, alipochapisha tamthilia zake mwaka 1616 katika kitabu kikubwa na kukiita "Kazi" zake, alichekwa: tangu lini mchezo ukawa kazi? Mwaka huo huo Shakespeare akafa, na karibu nusu ya tamthilia zake hazikuwa zimechapishwa popote.

Hapa ningependa uwasimamishe wanafunzi wako. Miaka saba baada ya mazishi, mwaka 1623, waigizaji wawili waliofanya naye kazi, John Heminges na Henry Condell, walikusanya tamthilia 36 wakazichapa pamoja. Kati ya hizo, 18 hazikuwahi kutoka kabla. Sasa tazama rafu yetu ya Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na Tufani. Kati ya nne hizo, ni hiyo moja mnayoiandaa tu iliyokuwa imechapwa Shakespeare akiwa hai, mwaka 1600. Tatu zilizobaki tunazo kwa sababu wazee wawili wa jukwaani hawakukubali makaratasi ya rafiki yao yaliwe na panya. Hakukuwa na mkoloni wala mtihani. Na huo "utambuzi wa dunia tangu siku ya kwanza" uliofundishwa, nao sijauona hapo.

Wewe uliyeko Ukerewe huna haja ya kuambiwa jambo hili na London. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapaji. Mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, na ikatoka 1980, miaka 35 baadaye. Alifariki mwaka uliofuata. Ukubwa wa kitabu kile ulikuwa ule ule mwaka 1950 kikiwa mswada ndani ya nyumba ya visiwani. Sifa zake ndizo zilizokuwa sifuri.

Nirudi Oxford, kwa sababu kuna kisa kimoja nisichochoka kukisimulia. Maktaba ile ya Bodley, mzee akiwa ameshafariki, ilipokea nakala ya kitabu cha 1623, ikakijalidi na kukifunga kwa mnyororo kwenye rafu kama ilivyokuwa desturi. Kikasomwa. Baada ya 1664 kukawa na toleo jipya lenye tamthilia za ziada, na wakutubi wakafanya ambalo mkutubi yeyote mwenye rafu finyu angefanya: wakaondoa kuukuu. Kiliuzwa na marundo mengine. Miaka zaidi ya 200 ikapita. Mwaka 1905 kijana mmoja akaja maktabani na kitabu kibovu cha kwao nyumbani kuomba ushauri wa jalada. Wataalamu wakatazama jalada, wakaona alama ya mnyororo, wakashika vichwa. Tajiri wa Kimarekani, Henry Folger, akatoa dau la pauni 3,000. Maktaba haikuwa na fedha hizo, ikapitisha mchango kwa umma, na mwaka 1906 ikakinunua tena kitabu chake yenyewe kwa pauni 3,000. Na walipokifungua, kurasa zilizochakaa kuliko zote zilikuwa za Romeo na Juliet, pale kwenye kibaraza usiku. Vijana wa chuo walikuwa wameziegemea kwa viwiko mpaka zikatoboka. Kwa hiyo wakati ule ule ambao wakubwa walimwona taka, kulikuwa na watu waliomsoma mpaka karatasi ikaisha.

Tuliache hilo. Mwaka 1642 Bunge lililoshikwa na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, lilifunga majumba ya maonyesho, na yakakaa kimya miaka 18. Yalipofunguliwa 1660, mfalme amerudi na ladha za Ufaransa, na wanawake wanaruhusiwa kuigiza, Shakespeare alikuwa mtu wa zamani. John Dryden aliandika 1668 kwamba kwa kila mchezo mmoja wa Shakespeare au Jonson ulioonyeshwa kwa mwaka, ilionyeshwa miwili ya Beaumont na Fletcher, watunzi wa zama zake. Uliza darasani kwako nani anamjua Fletcher. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara ya kila siku, alikwenda 1662 kutazama Ndoto ya Usiku wa Kiangazi. Akaandika kwamba ni mchezo wa kipuuzi kuliko wote aliowahi kuona maishani, na hatautazama tena. Aliwasifu wachezaji ngoma na uzuri wa wanawake waliokuwepo, basi.

Lililofuata ndilo linalonishangaza zaidi kuliko yote. Sifa zikaanza kupanda huku kazi zenyewe zikikatwakatwa. Chukua Mfalme Lear. Mzee anagawa ufalme kwa mabinti wawili wanafiki, anamfukuza wa tatu aliyempenda kweli, anaishia porini kwenye mvua na mchekeshaji wake. Mwishoni anaingia jukwaani amembeba binti huyo, Cordelia, ameshakufa, na yeye mwenyewe anakufa juu yake. Mwaka 1681 Nahum Tate aliona hayafai. Akamfuta mchekeshaji. Akamwachia Cordelia uhai, akamwoza kwa Edgar, kijana mwema wa mchezo huo, akamrudishia mzee kiti chake. Watu wakaondoka wamefurahi, na toleo hilo ndilo lililotawala jukwaa la Uingereza kwa zaidi ya miaka 150. Samuel Johnson, mhakiki mkali kuliko wote wa zama zake, alikiri 1765 kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza kiasi kwamba hakuthubutu kuzisoma tena kurasa zile mpaka alipolazimika kuzihariri. Yaani aliyemsifu aliogopa kumrudia kumsoma. Mwisho wa huzuni alijaribu kuurudisha Edmund Kean mwaka 1823, na mchekeshaji alirudishwa na William Macready mwaka 1838. Kabla ya hapo, kati ya 1810 na 1820, mchezo haukuonyeshwa London kabisa, maana mfalme wao wa kweli, George wa Tatu, naye alikuwa amerukwa na akili, na nani angecheza hayo?

Katikati ya miaka hiyo ndipo alipofanywa mtakatifu. Septemba 1769, mwigizaji David Garrick aliandaa sherehe za siku tatu huko Stratford. Kulikuwa na mizinga, utepe wa rangi, supu ya kasa, mashindano ya farasi na utenzi wa kumsifu mtoto wa mji. Mvua ikanyesha kama ya kwetu ya Aprili, mto ukafurika, wageni wakarudi kwenye magari ya farasi maji yakiwa magotini. Maandamano ya wahusika yakafutwa. Katika siku zote tatu haikuonyeshwa hata tamthilia moja ya Shakespeare. Garrick hakukata tamaa: alirudi London, akayageuza maandamano yale yaliyofutwa kuwa mchezo wa jukwaani, ukaonyeshwa mara 90 na zaidi, akafidia hasara. Mimi humheshimu sana Garrick kama mwigizaji, lakini ukitaka kujua mji mdogo wa wakulima uligeukaje kuwa mahali pa hija, anza na huyo mfanyabiashara.

Waliompa uzito wa fikra, kwa maoni yangu, ni Wajerumani. Ufaransa Voltaire alimtangaza akiwa kijana, na alipoona Wafaransa wanampenda kupita kiasi akaanza kumtukana. Ujerumani hawakuwa na haya hiyo. August Wilhelm Schlegel alianza kuchapa tafsiri zake 1797, Goethe alimlilia kama ndugu, na mwaka 1864 wakaunda jumuiya yao ya Shakespeare huko Weimar. Wakafikia kumwita "wetu". Waambie basi wanafunzi wako waliangalie lile jiwe la Bismarck mbele ya bandari ya Mwanza. Mji huu ulianza kutawaliwa na Wajerumani, na hata wangebaki mpaka leo, ninaogopa Shakespeare angetufikia tu, kwa Kijerumani. Hoja yao ya "wangetutawala wengine" inavuja hapo.

Lakini haivuji yote. Thomas Carlyle aliuliza katika mhadhara wa 1840: Waingereza wakilazimishwa kuchagua kati ya kupoteza India na kumpoteza Shakespeare, wangeacha kipi? Akajibu India. Maneno matamu, ila hakuna aliyewalazimisha kuchagua. Walipakia vyote viwili melini. Shakespeare akawa kipimo cha mtihani: ukimweza, umestaarabika. Huku kwetu Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar, alishachapa kwa Kiswahili masimulizi mafupi ya tamthilia zake miaka ya 1860, kabla hata ya bendera ya Mwingereza kupanda. Vizazi vya shule vilivyofuata vikamkariri kwa kuogopa fimbo. Hilo lipo, na wanafunzi wako wana haki ya kulikasirikia. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Chuo cha Nairobi kiifute idara ya Kiingereza na kuweka fasihi ya Afrika katikati. Nilipokuwa mwanafunzi tuligombana kuhusu waraka ule mpaka taa za bweni zikazimwa.

Wala Mwafrika si wa kwanza kusema sifa zimepulizwa. Leo Tolstoy, mwaka 1906, aliandika kijitabu kizima akidai ukubwa wa Shakespeare ni kama ugonjwa wa kuambukizana uliotoka kwa Wajerumani. Alikuwa amemsoma na kumrudia kwa Kirusi, Kiingereza na Kijerumani, akitafuta utamu asiupate. Ninakubaliana naye kuhusu uambukizaji. Kuhusu Lear ninadhani mzee yule aliona kitu kilichomfanana mno.

Sasa Mwalimu, mtu wa Butiama, wa ziwa hili hili. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa, anatoa tafsiri ya Julius Caesar. 1969 anaitoa upya ikiitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo inatoka Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linasema mfanyabiashara, tena mmoja: ni Antonio. Mwalimu alijua neno "mfanyabiashara". Akaandika mabepari, na akaandika wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Herufi chache tu kwenye jalada, na mchezo mzima unageuka. Nani mabepari? Shylock anayekopesha kwa riba peke yake, au na Antonio mwenye merikebu baharini, na Bassanio anayekopa ili akaoe mali? Mwaka 1969 ndio pia uliotupa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kwa hiyo mtu aliyetaka jukwaa la Kiswahili mwaka ule alikuwa na vyote viwili dukani, wala kimoja hakikumzuia kununua kingine.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanzia, maana Shylock amepanda na kushuka kuliko mtunzi wake. Kwa muda mrefu alichezwa kama kichekesho. Mwaka 1741 Charles Macklin alimfanya wa kuogopwa kweli. Januari 1814 Edmund Kean, mwigizaji maskini asiyejulikana London, aliingia na ndevu nyeusi badala ya zile nyekundu za kuchekesha, akamcheza kama mtu aliyedhulumiwa, na kufikia usiku alikuwa maarufu. Henry Irving mwaka 1879 akamfanya mzee mwenye heshima, anayerudi nyumbani na kukuta binti katoroka. Halafu mwaka 1943, Vienna chini ya Wanazi, akachezwa tena kama kinyago cha kuchochea chuki, wakati Wayahudi wa kweli wa mji ule walikuwa wameshapelekwa kuuawa. Maneno ni yale yale ya mwaka 1600.

Kwa hiyo usiwape wanafunzi Shylock mmoja aliyeamuliwa na wewe. Chukua tendo la tatu, onyesho la kwanza, pale anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono. Wape vijana wawili. Mmoja aseme yote akipaza sauti, akiwafokea wanaomcheka. Wa pili aseme taratibu, ameketi, kama mtu anayehesabu deni, na asipandishe sauti mpaka afike kwenye kulipiza kisasi. Wengine wakae chini watazame, wasipewe maelezo. Niliwahi kulifanya hili darasani, na yule wa pili alipofika kwenye kisasi, msichana mmoja wa nyuma alisema kwa Kisukuma neno ambalo siwezi kuliandika hapa, kisha hakuna aliyecheka tena kipindi kizima.

Jambo moja la kazi: usikate onyesho la mahakama kwa sababu ya muda. Kata vichekesho vya Launcelot, yule mtumishi mcheshi, hatakudai. Na mkipata tarehe, nitumie ujumbe siku tatu kabla, ili nikate tiketi ya meli ya kuja Nansio kabla wachuuzi hawajaijaza.